Mtoto wa Dirishani pale Zuhura

1

Kabla ya kuvunwa kumbukumbu, mtu alitakiwa awe ameoga, ameshiba na amekwenda haja. Bi Hadia Mbaruku alikuwa ametimiza yote hayo, na bado kilemba alikikataa.

"Hicho kimevaliwa na nani kabla yangu?"

"Kimesafishwa, Mama."

"Sikuuliza kama kimesafishwa. Nimeuliza kimevaliwa na nani."

Tunu alikitazama kilemba mkononi mwake, kofia laini ya kijivu iliyojaa nyaya nyembamba kuliko unywele. Asubuhi ileile kilikuwa kichwani mwa Mzee Singano. Alijua akilitaja jina hilo patakuwa na kasheshe, akalitaja hivyohivyo.

"Singano!" Bi Hadia akaangua kicheko mpaka mtandio ukamdondoka mabegani. "Haya lete. Mba zake nazijua tangu enzi za sinema."

Bi Hadia alikuwa mama yake Tunu, na Tunu alikuwa fundi wa Kituo cha Mikeka hapo Tanga. Mmoja alizoea kuamrisha nyumbani, mwingine kazini, na mamlaka hayo mawili yalikuwa yanagongana tangu walipotoka mlangoni. Kisa cha kuja kilikuwa kile ambacho wote wawili walikikwepa kwa utani. Bi Hadia alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai, akatia tena. Wiki iliyopita alimwita Tunu kwa jina la marehemu dada yake mwenyewe, na alipogundua kosa lake akaingia chumbani akajifungia.

"Funga macho, vuta pumzi," Tunu alisema. "Haya Mama, twende Zuhura."

Kioo kilichoning'inia juu ya kitanda kikawaka. Harufu haionekani kiooni, lakini mtambo uliiandika pembeni kama ulivyoipata: maganda ya machungwa, udi, mafuta ya mashine. Halafu likatokea jengo lenyewe la sinema, rangi ya maziwa yaliyochacha, na juu ya mlango nyota kubwa ya bati iliyopungukiwa ncha moja. Tunu akajikuta anatabasamu. Siku hizi pale Zuhura pamekuwa kituo cha kubadilishia betri za bajaji, na kitu pekee kilichobaki ni vile vyuma viwili ukutani vilivyoishika nyota.

Mlangoni palikuwa na kabati la vijisanduku. Miaka ile kila mtu mjini alishakuwa na punje yake ya kufasiria sikioni. Ukiongea na Mreno au Mkorea, punje inakunong'oneza, mambo yanakwenda. Bwana Jivan, mwenye sinema, alizipiga marufuku. Ulivua punje yako kama unavyovua viatu msikitini, ukaiacha kabatini, ukaingia masikio matupu. "Humu ndani tunasikia pamoja," alikuwa akisema, na asiyetaka kusikia pamoja alionyeshwa njia ya kwao.

Picha alizopenda Bwana Jivan zilikuwa zile ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Picha kongwe, picha zisizo na rangi, picha za nchi za baridi ambako mume na mke wanatazamana muda wote wa chakula bila kusema neno. Leo Bengali, keshokutwa Senegali, Jumapili alasiri chochote kilichomkaa rohoni. Ungedhani ukumbi ungekuwa mtupu. Ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na walijaa kwa sababu ya Singano.

Yeye hakuwa na kiti kama wengine. Alikaa mbele, pembeni, juu ya kigoda cha jikoni, kipaza sauti mkononi, akifasiri kila kilichotokea kwenye pazia: wanaume, wanawake, farasi, milango. Watazamaji walimjibu. "Mfasiri, huyo bwana mwongo, mwambie!" Singano alimwambia. "Mfasiri, mbona kanyamaza?" Singano alieleza kwa nini kanyamaza. Mtu akifa kabla ya wakati wake, ukumbi mzima ulimshukia mfasiri kana kwamba yeye ndiye aliyemuua.

Kiooni, Bi Hadia wa ujanani, mkata tiketi, alifunga dirisha lake, akaingia gizani, akakaa safu ya tatu. Kisha akainamisha macho, na Tunu akauona utosi wa mtoto mchanga aliyeviringishwa kwenye kanga.

Mkono wa Tunu ukasita juu ya kitufe. Kisa chenyewe alikijua tangu utotoni. Alikutwa kwenye kiti cha nyuma baada ya onyesho, hana barua wala jina, analia. Shuleni alikuwa akijitapa, mimi nimeokotwa sinema, nyinyi mmezaliwa tu. Lakini hakuwahi kujiona. Sasa alikiona kichwa chake mwenyewe kwa macho ya mama yake, na kidole cha mama yake kikipita polepole juu ya utosi, na jambo hilo lilimchoma na kumfurahisha kwa pamoja.

Kwenye pazia la Zuhura palikuwa na theluji, reli, na mwanamke mlinda geti. Mwanamke yule alikuwa ameokota mtoto kwenye behewa tupu akamlea msimu mzima wa baridi. Sasa treni ilikuwa imekuja na maofisa. Treni ikaondoka. Mwanamke akashusha geti, akasimama. Nyuma yake palikuwa na nyumba ndogo yenye dirisha moja, na dirishani, kikombe mikononi, alikuwapo mtoto.

"Umemwona?" Bi Hadia alisema kutoka kitandani, macho ameyafumba, machozi yakimshuka kuelekea masikioni. "Yule pale. Anakunywa uji."

"Nimemwona, Mama."

"Basi," Bi Hadia akasema. "Na mimi nilipomwona tu, nikajua la kufanya."

2

Kazi ya kituo ilipewa jina na mafundi wa kwanza, watu wa Pwani waliokulia kwenye kusuka. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni ukili: ni ndefu, nyembamba, na ikikaa peke yake haimfai mtu kulalia. Ukichukua kili za watu watano waliokaa ukumbi mmoja, ukazishona ubavu kwa ubavu, unapata mkeka. Pale ukili wa huyu ulipotoboka, wa jirani yake unaziba. Mkeka ukikamilika unarudishwa kwa kilemba kilekile katika vichwa vyote vitano, na mgonjwa anaamka akiwa na kipande cha maisha yake kilichokazwa upya, hakitoki tena.

Kulikuwa na sharti moja gumu. Kilichoshonwa kinakaa, lakini kile ambacho hakikushonwa kinanyauka, na haraka. Ndiyo maana fundi hakuwa na ruhusa ya kushona kwa kubahatisha. Kila dakika ya mkeka ilipokea taswira moja tu. Kituo kimoja cha bara kiliwahi kushona mbili kwa huruma, ili kila mgonjwa abaki na yake, na mzee mmoja akaishia kusimama uani kwake asubuhi nzima, hajui mlango wa nyumba uko upande gani. Mafundi waliita hali hiyo kuning'inia, na hakuna aliyelitamka neno hilo kwa mzaha.

Tunu alilaza kili zote tano kwenye meza ya kushonea: ya mama yake, ya Singano, na za majirani watatu waliokuwa wakienda Zuhura nao. Alizivuta hadi Jumapili ya mlinda geti. Meza ikatoa doa jekundu.

Doa lilimaanisha ukili umepingana na Hifadhi, ghala ambamo picha zote zilizowahi kutengenezwa duniani zimewekwa. Tunu akaiita ile picha. Ikaja, nyeupe na nyeusi, safi. Treni ikaondoka, geti likashuka, mwanamke akasimama mbele ya nyumba yake muda mrefu kupita kiasi, bila neno, bila muziki. Dirisha lilikuwa tupu. Lilikuwa na pazia, nalo lilining'inia pasipo mtu.

Akairudisha nyuma, akaitazama tena. Tupu.

Akarudi kwenye kili. Kwa mama yake mtoto alikuwa wa kike, kikombe mikononi. Kwa Mzee Chambo fundi cherehani alikuwa wa kiume. Bi Mwanahamisi, katika picha isiyo na rangi hata chembe, alikuwa amemvika mtoto fulana nyekundu. Wa nne alimwona mtoto akipunga mkono. Watu wanne walikuwa wamemwona, kila mmoja wa kwake, na wote wakiwa na uhakika usio na tone la shaka. Ukili wa tano, wa Singano, ulikuwa na dirisha tupu.

Daktari Mbelwa, mkuu wa kituo, alikuja kusimama nyuma yake. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande kama anasikiliza kitu chumba cha pili.

"Rahisi," alisema. "Hifadhi inasema tupu, mmoja kati ya watano anasema tupu. Kata mtoto."

"Nikikata, Mama atampoteza kabisa."

"Atapoteza kitu ambacho hakikuwapo."

"Daktari, alikuwa amekaa pale na mimi mapajani. Alikuwa anaamua kunichukua au kunitoa. Ameniambia mwenyewe, alipomwona yule mtoto ndipo alipojua la kufanya. Leo nimrudishie picha ambayo mwanamke anamtoa mtoto wake halafu anafunga geti? Akijiuliza kwa nini alinilea, atashika nini?"

Daktari Mbelwa akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Tunu, mimi si jiwe. Lakini nikikuruhusu umshone mtoto asiyekuwapo, kesho fundi mwingine atamshonea mtu mume mwema asiyekuwapo. Na huyu mzee wako? Yeye ana dirisha tupu. Ukimshona mtoto, lake ndilo litakalonyauka. Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Kwa kweli hakuwa amefikiria kabisa kwamba ukili ule wa tano ulikuwa na mwenyewe.

3

Mzee Singano alikuwa barazani kwake akimenya chungwa kwa mzunguko mmoja, ganda halikatiki. Vidole havikuwa vimesahau kitu.

"Shikamoo, Baba Singano."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Tunu. Wa Bi Hadia."

"Aaa, wa tiketi!" Uso ukafunguka. "Kaa, mwanangu, kaa. Mama yako ananidai machungwa au mimi namdai, sikumbuki. Tuseme ananidai."

Tunu akala chungwa kwanza. Kisha akamwambia habari ya dirisha. Singano alisikiliza, kisu kimetulia, na kwa kuwa ni habari ya zamani, haikumpa taabu kuifuata. Watu wa maradhi yale wako hivyo. Jana imewatoka lakini miaka thelathini iliyopita iko sebuleni inakunywa kahawa.

"Hapakuwa na mtoto," alisema mwishowe. "Nilimweka mimi."

"Lakini ulikuwa unafasiri."

"Kufasiri!" Akacheka bila sauti. "Kilugha kile sikukijua hata salamu. Bwana Jivan alikuwa ananidokezea kidogo siku moja kabla, tukitazama wawili tu, mengine najazia mwenyewe. Nani angenisuta? Punje zote ziko kabatini. Ile picha niliiona Jumamosi, nikajua mwisho wake ni geti. Jumapili asubuhi mama yako akaja na mtoto begani. Akaniambia, Singano, kesho nampeleka ofisi ya ustawi wa jamii, mimi mwanamke peke yangu, nitamlea vipi. Anasema hivyo huku anakubembeleza. Mdomo unakutoa, mkono unakubana."

Akatazama barabarani.

"Ikaja ile sehemu ya kimya. Nikamwona safu ya tatu. Nikajisemea, Singano, hapa ukinyamaza, umesema. Basi nikasema. Treni imekwenda tupu. Mlinda geti kabadili mawazo. Mtoto yuko ndani, anakunywa uji. Ukumbi ukapiga vigelegele. Na nakwambia, walimwona! Walitoka nje wanabishana kavaa nini."

"Hukumwambia Mama?"

"Nimwambie nini? Kwamba yeye alidhani ni dunia inamwambia, kumbe ni Singano na kigoda chake?" Sauti ikamshuka. "Nilimwamulia mtu jambo la maisha yake bila yeye kujua. Wewe ungekwenda ustawi, labda ungepata nyumba yenye baba, yenye vitabu. Labda pazuri zaidi. Sijui. Hilo ndilo linaloninyima raha. Mshoneeni huyo mtoto, mwanangu. Mkimshona, mimi nitasahau kwamba nilidanganya, sivyo? Nitajua nilifasiri tu. Nipumzike."

Hapo ndipo Tunu alipoiona njia panda yake yote. Kumkata mtoto kulikuwa kumnyang'anya mama yake nguzo. Kumshona kulikuwa kumfutia Singano kosa ambalo pia lilikuwa tendo jema kuliko yote aliyowahi kufanya, na kumwacha Tunu peke yake duniani akijua. Na katikati ya yote hayo alikuwa na hofu moja ya kitoto ambayo hakumwambia Daktari Mbelwa: kwamba mama yake akiujua ukweli atamtazama kwa jicho jingine, jicho la mtu aliyegundua kuwa alisukumwa.

"Na siku Mama akikutana na picha yenyewe?" aliuliza. "Iko Hifadhi. Yeyote anaweza kuiita."

Singano akalizungusha ganda la chungwa kwenye kidole.

"Basi nitamwambia mwenyewe," alisema. "Fanyeni haraka, kabla sijasahau ninachotaka kusema."

4

Jumapili alasiri walipanga viti katika ukumbi wa kusubiria wa kituo na kuteremsha mapazia. Ukuta ulikuwa mweupe, ungetosha. Daktari Mbelwa alikuja, akakaa nyuma kabisa, akidai alikuwa anapita tu.

Bi Hadia alikuja amejipamba. Alikuwa na wanja, alikuwa na viatu vya visigino ambavyo Tunu alimwomba asivivae, na alikuwa na mfuko wa machungwa. Alipofika mlangoni akasimama, akatoa punje sikioni, akamwekea Tunu kiganjani.

"Na yako," alisema. "Na ya daktari wako. Humu ndani tunasikia pamoja."

Daktari Mbelwa akaitoa yake bila ubishi.

Singano alikuwa amekwisha kufika, amevaa koti, na ameleta kigoda chake cha jikoni kutoka nyumbani. Alikiweka pembeni karibu na ukuta, akakaa, akamwonyesha Tunu kwa kidole amsogelee.

"Nimekuja kumwambia mtu jambo," alimnong'oneza.

"Nani, Baba?"

"Atakuja mwenyewe." Akakunja uso. "Jambo lenyewe nilikuwa nalo hapa mlangoni."

Tunu angeweza kumkumbusha. Angeweza kuahirisha. Alimtazama mama yake, aliyekuwa anamenya chungwa kwa furaha, akajua kwamba kuahirisha maana yake ni wawili hao kuja siku nyingine wakiwa wamepungua zaidi. Akawasha.

Theluji ikaja ukutani. Reli, behewa, kilio cha mtoto. Kwa muda kulikuwa na kilugha kile tu, kigumu, hakuna aliyekielewa, na Tunu akaanza kujuta kuitoa punje yake. Kisha kutoka kwenye kigoda ikatoka sauti yenye kutu.

"Huyu mama jina lake hatulijui. Analinda geti. Mumewe kaenda mjini, na mji umemmeza."

"Pole yake!" Bi Hadia akajibu hapohapo.

Sauti ikaanza kupata mafuta. Singano hakujua siku wala mwaka, lakini ofisa alipopiga hodi alimpa sauti nene ya puani ambayo ilimfanya Daktari Mbelwa acheke kwa nguvu. Alifasiri farasi. Alifasiri mlango. Bi Hadia alimgombeza ofisa, akamshauri mlinda geti amfiche mtoto kwenye kapu la mkaa, akala machungwa mawili. Tunu hakuwahi kukaa Zuhura akiwa na akili zake, na sasa alikuwa amekaa.

Treni ikaja. Mwanamke akamvisha mtoto kofia. Akamkabidhi. Treni ikaondoka. Geti likashuka, na kimya kile kirefu kikaanza.

"Treni," Singano alisema. "Treni imekwenda..."

Akakwama. Mkono wake ukapapasa hewani, ukitafuta kipaza sauti. "Treni imekwenda," akasema tena, na macho yake yakajaa hofu ya mtu aliyeshika kitasa cha nyumba isiyo yake.

Bi Hadia alikuwa amesimama. Alitembea hadi ukutani, kivuli chake kikaangukia theluji, akaweka kidole palepale penye dirisha.

"Mtoto yuko wapi?"

Akalifuta dirisha kwa kiganja.

"Tunu. Mmemkata?"

"Hapana, Mama. Ndivyo ilivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Bi Hadia akageuka. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Singano pale kwenye kigoda, na Tunu aliona jinsi alivyoupata ukweli, hatua kwa hatua, na uso wake ulivyokuwa mkali.

"Ulinidanganya."

"Picha ilikuwa inahuzunisha," Singano alisema kwa unyonge. Hakuwa na uhakika anashtakiwa kwa lipi. "Palikuwa na mtu safu ya tatu."

Tunu alitaka kuizima ile picha. Hakuweza. Kwenye ukuta yule mwanamke aliendelea kusimama mbele ya geti lake, na Bi Hadia akageuka kumtazama, sasa bila haraka, mwanamke kwa mwanamke.

"Huyu alimtoa," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Alimtoa mtoto wake akafunga geti." Akajifuta mashavu kwa ncha ya mtandio, wanja ukaharibika. "Miaka yote hii najua nilimwiga yeye. Nikichoka, ukiumwa, ukinijibu vibaya, najiambia, Hadia, yule mama wa theluji aliweza. Kumbe hakuweza. Kumbe hapakuwa na mtu wa kumwiga." Akavuta pumzi, na mabega yakamnyooka. "Nilifanya mwenyewe."

Akaenda kukaa sakafuni kando ya kigoda, visigino na yote, akamshika Singano kifundo cha mkono. Akapaza sauti kama ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi.

"Treni imekwenda tupu! Mlinda geti kabadili mawazo! Mtoto yuko ndani, anakunywa uji!"

Singano alimgeukia. Uso wote ukamwagika furaha, furaha ya mtazamaji aliyeingia bila kujua mwisho.

"Uji wa nini?" aliuliza.

"Wa ulezi. Kamaliza, anataka mwingine."

"Mpe!" akasema Singano. "Mpe, usimnyime!"

Kule nyuma Daktari Mbelwa alikuwa anapenga kamasi. Tunu alilia wazi, bila aibu, na hofu yake ya kitoto ikamtoka, hata hakuona ilipopitia.

5

Tangu kazi ya mikeka ianze, mtambo ulifundishwa kuchuja makelele. Kikohozi, vicheko, majibu ya watazamaji, sauti ya mtu pembeni: vyote viliondolewa kabla ya kushona, maana vilikuwa vinatofautiana kutoka ukili hadi ukili, na tofauti ndiyo mama wa madoa. Hakuna aliyewahi kuhoji. Mtu anakwenda sinema kutazama picha.

Tunu alizima kichujio. Picha aliiacha kama ilivyo Hifadhi, dirisha tupu, hakuna wa kupinga. Kisha akachukua sauti, zile zilizokuwa zinatupwa, akazishona kwanza kabisa, mshono wa katikati unaobeba mkeka wote: Singano kwenye kigoda, "Treni imekwenda tupu," vigelegele, mtu anauliza uji wa nini. Meza ilikaa kimya. Sauti zilikuwa zinafanana. Katika kili zote tano, neno kwa neno, zilikuwa zinafanana kuliko kitu chochote alichowahi kulaza pale.

Mzee Chambo na wenzake wawili aliwaita mmoja mmoja, akawaeleza, akawaachia waamue. Mzee Chambo alinuna, akasema mtoto alikuwa wa kiume na ataendelea kuwa wa kiume, kisha akakubali. Bi Mwanahamisi aliomba tu fulana nyekundu ibaki katika maneno.

"Hakuna doa," Daktari Mbelwa alisema, akiinamisha kichwa. "Na wote wameridhia. Kwa hiyo Zuhura tuliyokuwa tunaishona ilikuwa ukuta tu."

"Ulikuwa ukuta, Daktari."

Wote watano walirudishiwa mkeka siku moja, kitanda baada ya kitanda. Singano aliamka akauliza kama ukumbi umejaa, akaambiwa umejaa. Akasema basi yeye alidanganya, tena mchana kweupe, na kwa kuwa mkeka ni mmoja, Hadia anajua. Alilisema hilo kwa fahari, akalirudia kwa muuguzi.

Bi Hadia alipelekwa nyumbani kupumzika. Asubuhi iliyofuata Tunu alimkuta jikoni, sufuria iko motoni. Akasimama mlangoni kwanza, akiangalia kama mkono utaifuata chumvi. Uliifuata sukari.

Mtihani ulikuwa sehemu ya kazi, na fundi hakuruhusiwa kuuruka hata kwa mzazi.

"Mama, ile picha ya mlinda geti. Mwisho wake kuna nini dirishani?"

"Hakuna kitu. Pazia."

"Na mtoto?"

Bi Hadia alimimina kikombe, akakisukuma mezani hadi mbele yake.

"Mtoto anauliza maswali uji unapoa," alisema. "Kunywa."